Ajali Haina Kinga

Kinga ilikuja na mashine, nakumbuka:
bati nene la manjano, bolti sita,
siku rola ziliposhushwa kwa winchi hapa nje ya Malava
na tajiri akachinja jogoo mlangoni.
Wiki ya tatu tuliifungua.
Ilikuwa ikikwamisha miwa iliyopinda,
na huku kwenye sukari nguru hulipwi kwa saa.
Unalipwa kwa tani.

Tangu hapo kinga imepata kazi nyingine.
Mama Khasandi ameianikia omena.
Imefunika shimo la choo wiki nzima, simenti ikikauka.
Sasa imelala juu ya mawe mawili kando ya karai,
saa nne tunaikalia na chai ya rangi.
Inatukinga na tope.

Tulikuwa na misemo yetu.
Rola haimli anayeitazama machoni.
Glavu ni za daktari, au za mwizi.
Mwoga akauze maandazi.
Na Wekhomba, aliyelisha miwa kwa mkono mmoja
mwingine ukiwa umeshika simu sikioni,
tulimwita Fundi,
tukamwachia finyango ya kwanza.

Mimi sikusema kitu.
La, nasema uongo, nilisema mengi.
Imbukwa ni mtoto wa dada yangu
na mimi ndiye niliyemsimamisha mbele ya rola:
Sukuma hadi uhisi inavuta. Ikivuta, achia.
Maneno sita.
Bolti nazo zilikuwa sita.

Alhamisi, trela tatu mlangoni,
mvua ya saa nane imeshatia giza upande wa msitu,
madereva wanapiga honi, na maji ya miwa yanafurika ndoo.
Alivaa sweta ya shule aliyoiacha mwaka jana,
imefumuka kwenye kiganja.
Uzi ndio ulioingia kwanza.
Uzi wa kijani, mwembamba,
niliuona ukienda zake taratibu kama mtu anayeingia nyumbani kwake.

Wenzo wa kuzimia injini uko nyuma ya ukuta.
Njia hiyo nimeipita miaka tisa nikienda kukojoa
na sikuwahi kuzihesabu hatua.
Ni kumi na tatu.

Tajiri alikuja na mwavuli.
Alisema pole, akasema atatoa gari hadi Kakamega, na akalitoa.
Kisha akauliza nani alimruhusu kijana kuvaa sweta kazini.
Kisha akaketi, maana miguu ilimlegea, naye ni binadamu,
akatikisa kichwa:
Ajali haina kinga.
Tukaitikia wote, kweli, haina,
naye ameikalia.

Wazee wa trela walisema jogoo hakutosha,
mashine kubwa namna ile ilitaka mbuzi.
Mbuzi akaletwa, damu ikamwagwa chini ya rola,
na Ijumaa saa moja asubuhi injini ikakohoa, ikashika.
Nyama nilikula.
Siwezi kusema ilikuwa chungu.

Usiku wa Jumapili nilikwenda na spana na tochi.
Kinga ilikuwa na magamba ya omena, na duara za vikombe vyetu.
Bolti moja niliipata imeshikilia banda la kuku,
tatu kwenye kopo la misumari.
Nikafunga.
Tani zimeshuka. Wekhomba hanisalimu,
na nimeambiwa kwamba mwezi ukiisha hivi tutazungumza.
Huenda nitaifungua tena, sijui.
Nina watoto wanne na karo.

Jana Imbukwa alifika, wa kwanza kabisa.
Hakuna pa kukaa siku hizi, akachuchumaa juu ya jiwe,
kikombe mkono wa kushoto, bado kinamtetemekea,
ule wa kulia ndani ya mfuko wa koti.
Nilingoja aulize. Nilikuwa na majibu tayari, usiku mwingi wa majibu.
Aliitazama mashine mpaka chai ikapoa.

Mjomba, akasema,
bolti mbili hazipo.